Kumtafuta kondori wa California: saa, upepo na nambari ya bawani

Kondori, ndege mkubwa wa jamii ya tumbusi, hafuatwi kwa miguu. Aliyezoea kufuatilia wanyama kwa nyayo, kinyesi na majani yaliyokanyagwa itabidi aweke mazoea hayo kando, kwa sababu ndege huyu anaweza kulala kwenye jabali moja, akaondoka asubuhi, akazunguka zaidi ya kilomita 200, na jioni ukamkuta amerudi palepale. Ukimkimbiza utachoka bure. Kinachosaidia ni kujua analala wapi, anapaa saa ngapi na upepo unamchukua upande gani, halafu wewe uwe umeshakaa pale kabla yake.

Nazungumzia kondori wa California, si yule wa milima ya Andes ambaye watalii humfuata Peru. Huyu wa California ana mambo mawili yanayomfaa Mswahili aliyeko Marekani. Kwanza, ukiwa San Jose, Los Angeles, Las Vegas au Phoenix unaweza kumfikia kwa gari na kurudi nyumbani kesho yake. Pili, karibu kila kondori anayeruka huko amevishwa lebo yenye nambari kwenye bawa, kwa hiyo unayemwona ni fulani, mwenye mwaka wa kuzaliwa, wazazi na historia inayojulikana.

Nambari hizo zina kisa kizito. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki kondori 22 tu duniani. Mwaka 1987 yule wa mwisho aliyekuwa porini alikamatwa, na kwa muda hapakuwa na hata mmoja angani. Waliokusanywa walizalishwa katika bustani za wanyama za San Diego na Los Angeles, na kuanzia 1992 wakaanza kurudishwa porini. Leo jumla yao imepita 500, na zaidi ya 300 wanaruka huru California, Arizona, Utah na Baja California kule Meksiko. Nchi yote hiyo kubwa, ndege mia tatu na ushei. Ndiyo maana hatua ya kuchagua mahali inabeba nusu ya kazi yote.

Hatua ya 1: Chagua pa kwenda

Kama ni mara yako ya kwanza, nenda Pinnacles. Ni hifadhi ya taifa ndogo katikati ya California, ndani kidogo kutoka Salinas na Soledad, yenye miamba iliyochongoka iliyobaki kutokana na volkano ya kale. Kondori walianza kuachiliwa hapo mwaka 2003 na wapo mwaka mzima.

Hifadhi ina milango miwili, wa mashariki na wa magharibi, na hakuna barabara ya gari inayoiunganisha kwa ndani. Wageni wengi huligundua hilo wakiwa wameshafika getini. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni kuzunguka nje kwa zaidi ya saa moja. Kambi ya kulala iko mashariki, na kwa shabaha yetu mashariki ndiko kwenye faida: mgongo wa mlima ulio kusini-mashariki mwa kambi una miti ambayo kondori hulala, na asubuhi hupaa kwa kufuata mgongo huohuo. Kwenye njia iitwayo Bench Trail, karibu na kambi, hifadhi imesimika darubini zinazoelekea huko. Mwenye magoti mabovu, mwenye watoto wadogo au mzee aliyekuja kuwatembelea wanawe anaweza kukaa hapo na chupa yake ya chai na akamwona kondori bila kupanda hata kilima kimoja.

Mwenye miguu mizuri apande High Peaks. Kutoka Bear Gulch unapita njia ya Condor Gulch, unafika juu ya miamba, kisha unazunguka kurudi. Mzunguko wote ni kama kilomita 8.5 na mwinuko wa mita 400 hivi. Kuna sehemu njia inabana hadi unapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba huku umeshika vyuma. Mwenye kizunguzungu cha urefu ajihadhari. Faida yake ni kwamba huko juu kondori anaweza kukupita usawa wa macho, na akikaribia utausikia upepo ukipita kwenye manyoya yake.

Big Sur, pwani, ina mandhari nzuri kuliko zote, lakini kwa mwanzo siipendekezi. Unamtafuta ndege ukiwa ukingoni mwa barabara nyembamba, Highway 1, magari yakikupita mgongoni, na maporomoko ya udongo huifunga barabara hiyo mara kwa mara. Ukienda, angalia kwanza kama iko wazi. Eneo la kuangalia ni kuzunguka Julia Pfeiffer Burns, kwenye sehemu za kuegesha zinazoona miteremko yote miwili, ya mlimani na ya baharini. Kondori wa huko hula hata mizoga ya simba-bahari na nyangumi waliotupwa ufukweni, kwa hiyo usiangalie juu tu; tupa jicho na chini kwenye miamba ya bahari.

Arizona ni habari nyingine. Ndege wa huko walianza kuachiliwa mwaka 1996 kwenye majabali mekundu ya Vermilion Cliffs, na sasa kundi lao hutembea kati ya Grand Canyon na Zion iliyo Utah. Miezi ya joto hupenda ukingo wa kusini wa Grand Canyon, hasa karibu na Bright Angel Lodge na Lookout Studio. Pia hupanda kaskazini hadi Zion, upande wa Kolob na Lava Point. Baridi ikiingia hukusanyika zaidi Vermilion Cliffs na kando ya mto Colorado.

Nikilazimishwa kutaja mahali pamoja tu Arizona, nitataja Navajo Bridge, karibu na Marble Canyon. Ni madaraja mawili sambamba. La zamani, la mwaka 1929, sasa ni la waendao kwa miguu. La pili, lililofunguliwa mwaka 1995, ndilo la magari. Chini yako kuna shimo la zaidi ya mita 140 hadi mtoni. Kondori hupenda kukaa kwenye vyuma vya daraja, ndani kabisa, kivulini. Simama kwenye daraja la miguu, uangalie vyuma vya daraja la magari, mhimili kwa mhimili, polepole. Watu hupita pale, wakapiga picha ya mto, wakaondoka, na huku kondori watatu wamekaa hatua chache kutoka walipokuwa. Wanavajo, wenyeji asilia wa eneo hilo, huuza shanga na vito upande wa mashariki. Waulize kwa heshima kama wamewaona leo. Wanaokaa mahali kutwa huona mengi kuliko mpita njia.

Kutoka hapo, ukifuata barabara ya 89A kuelekea magharibi, utakuta barabara ya vumbi ya House Rock Valley. Dakika chache ndani yake kuna kituo cha kutazamia kilichoelekea majabali ambako kondori huachiliwa. Mvua ikinyesha usiingie na gari dogo. Udongo wa pale ukilowa hauna huruma.

Hatua ya 2: Pangilia saa

Saa ninazotaja ni za Kiswahili: saa tatu asubuhi ndiyo ile simu yako ya Marekani inayoonyesha 9.

Kondori mzima ana uzito wa kilo 8 hadi 11. Mwili huo hauinuliwi kwa kupiga mabawa. Anaruka kwa kupanda juu ya hewa ya joto inayoinuka kutoka ardhini, au upepo uliogonga mteremko ukalazimika kwenda juu. Jua lisipochoma miamba, hana gari la kupanda. Kwa hiyo alfajiri amekaa. Saa moja, saa mbili, bado amekaa, mara nyingi amefungua mabawa na kuyaanika juani, na huo ndio wakati mzuri wa kumchunguza kwa darubini bila yeye kwenda popote. Kuanzia saa tatu hadi saa tano hivi huanza kupaa, kwanza karibu na mwamba, akizunguka, kisha anapata kimo na kuondoka. Mchana mwingi yuko mbali akitafuta chakula. Kuanzia saa kumi na kuendelea huanza kurudi.

Basi kwa Pinnacles ratiba nzuri ni kufika eneo lako kabla ya saa mbili asubuhi, ukae hadi saa tano, upumzike mchana, na urudi kukaa tena kuanzia saa kumi hadi jua litue. Anayefika saa sita mchana, akatembea saa mbili na kulalamika kwamba hakuna kitu, amekuja wakati wenyeji wameenda kazini.

Pwani ya Big Sur ina tofauti. Majira ya kiangazi ukungu wa bahari hulala asubuhi na huenda usiondoke hadi karibu na adhuhuri. Huna haja ya kuwahi alfajiri. Subiri ukungu uinuke, au tafuta sehemu iliyo juu yake.

Siku za mvua na mawingu mazito kondori anaweza kukaa mtini kutwa. Upepo wa wastani si adui, na kwenye migongo ya milima humsaidia. Kuhusu majira, Pinnacles ni ya masika yao na vuli, yaani Machi hadi Mei, kisha Oktoba na Novemba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 38, na miamba ile haina kivuli cha maana.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa ufupi

Darubini ya mkononi ya 8x42 inatosha. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Usidanganyike na 20x za bei rahisi: mkono ukitetemeka kidogo, ndege anatoweka. Darubini ya kusimamisha kwa miguu mitatu inasaidia kwenye kambi ya Pinnacles na Vermilion Cliffs, lakini si ya kubeba High Peaks.

Maji lita tatu kwa mtu, kofia pana, daftari na kalamu ya risasi. Ramani ipakue kwenye simu ukiwa bado mjini, kwa sababu ndani ya Pinnacles mtandao hauna uhakika. Vaa suruali ndefu: kuna kupe, kuna nyoka wenye njuga mkiani, na kuna mmea wa majani matatu-matatu unaowasha ngozi vibaya. Usiguse kichaka chenye majani matatu hata kama unataka kujishikilia.

Hatua ya 4: Soma mlima kabla ya kusoma anga

Ukifika, usianze kuchezesha darubini kila upande. Kaa, angalia kwa macho matupu, ujiulize jua linapiga wapi sasa. Upande wa mwamba uliopata jua kwanza ndio utakaoinua hewa kwanza.

Kisha tafuta chokaa. Kondori wanaolala mahali pamoja muda mrefu huacha kinyesi cheupe kinachotiririka chini ya rafu za mwamba. Kwenye majabali mekundu ya Arizona michirizi hiyo huonekana kutoka mbali sana. Si kila mchirizi ni wa kondori, kwa kuwa kozi, kunguru na tumbusi nao huchafua, lakini mchirizi mpana na mnene unastahili dakika kumi za darubini. Pitia rafu moja baada ya nyingine. Kondori aliyetulia kivulini ni bonge jeusi lisilosogea, na mara nyingi kinachomfichua ni kichwa cha rangi ya chungwa au lebo ya bawani inayong'aa.

Baada ya hapo ndipo anga. Fuata mstari wa mgongo wa mlima kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, ukiacha nafasi ndogo ya anga juu yake. Ukifika mwisho, panda kidogo, rudi kulia kwenda kushoto. Ukiona nukta, usishushe macho ili utafute darubini kifuani: kaza macho kwenye nukta, inua darubini hadi ikutane na macho yako. Kosa hili la kushusha macho huwapoteza ndege wengi kwa wanaoanza.

Waangalie na wengine. Tumbusi mdogo wa Marekani, mwenye kichwa chekundu, hunusa mzoga. Kondori hutegemea macho, na mara nyingi huona wenzake, tai na kunguru wakishuka ndipo naye anashuka. Kwa hiyo ukiona tumbusi wanakusanyika mahali pamoja juu ya bonde, usiwadharau kwa kuwa ni wadogo. Kaa nao.

Kuna ishara nyingine ya kibinadamu. Ukikutana njiani na mtu ameshika antena ya vyuma kama matawi, akiizungusha taratibu huku redio yake inatoa mlio wa "tik, tik", huyo ni mtaalamu anayefuatilia kondori. Ndege wengi wamefungwa kisambaza mawimbi bawani, wengine cha redio, wengine cha GPS kinachopata umeme wa jua. Mlio ukiongezeka nguvu, antena imeelekea kwa ndege. Msalimie, usimsumbue, lakini angalia antena inaelekea wapi.

Hatua ya 5: Hakikisha si ndege mwingine

Hapa ndipo wengi huanguka, na sababu ni kwamba angani ukubwa hudanganya. Mabawa ya kondori yakinyooshwa hufika karibu mita 2.9. Kwa aliyewahi kumwona yule tumbusi mkubwa kuliko wote wa Serengeti au Mara, mwenye ngozi ya kichwa iliyokunjamana, ukubwa unakaribiana. Lakini pasipo kitu cha kumlinganisha naye, ndege mdogo aliye karibu na ndege mkubwa aliye mbali ni kitu kimoja. Acha ukubwa kwanza, anza na mwendo.

Tumbusi mwenye kichwa chekundu ndiye atakayekudanganya mara nyingi, maana wako kila mahali. Huyu huinua mabawa yake juu kidogo, ukimtazama kwa mbele anafanya herufi V, na huyumba: anaegemea kulia, anaegemea kushoto, kama hajajua kuruka vizuri. Kondori hayumbi. Mabawa yameenda bapa, mwendo umenyooka, na hubadilisha mwelekeo taratibu. Watu wengi huapa wameona ndege ya abiria ndogo hadi inapogeuka. Ukimtazama dakika mbili nzima na hajapiga bawa hata mara moja, unakaribia.

Kisha weupe. Hili ukilikariri hutapotea: kondori mzima ana weupe mbele, tumbusi ana rangi nyepesi nyuma. Chini ya bawa la kondori kuna pembe tatu ndefu nyeupe inayoanzia karibu na mwili na kufuata ukingo wa mbele. Manyoya ya nyuma ya bawa ni meusi. Tumbusi ni kinyume: mbele mweusi, nyuma kuna rangi ya fedha kando ya ukingo wote.

Tai dhahabu, hasa kijana, ana mabaka meupe katikati ya bawa na mwanzoni mwa mkia, na hilo la mkia ndilo linalomsaliti, kwa kuwa mkia wa kondori ni mweusi wote. Kichwa cha tai kina manyoya na kimetokeza mbele. Cha kondori ni uchi, na akiruka huonekana kifupi.

Kondori kijana huleta utata. Kichwa chake ni cheusi au kijivu, na pembe tatu ya chini ya bawa ina madoa-madoa badala ya weupe safi. Huchukua miaka mitano, sita au zaidi kupata kichwa cha rangi ya chungwa na waridi na weupe kamili. Kwa huyu, tegemea mwendo, ukubwa na lebo.

Grand Canyon na Navajo Bridge zina shida yake: mara nyingi ndege yuko chini ya miguu yako, kwa hiyo huoni pembe tatu. Kwa juu, tafuta mstari mwembamba mweupe katikati ya bawa, lebo, na manyoya marefu ya ncha yaliyoachana, kila moja peke yake.

Akiwa amekaa, angalia miguu. Kondori hujinyea miguuni ili kupoza mwili, kwa hiyo miguu yake huonekana imepakwa chokaa. Akiwa ameshiba, mfuko wa chakula hutokeza kifuani, uvimbe mwekundu usio na manyoya. Huyo ametoka kula karibuni, na kuna uwezekano mkubwa atakaa hapo muda mrefu. Tulia naye.

Hatua ya 6: Soma nambari

Lebo ni kipande cha plastiki laini kilichofungwa kwenye bawa, moja au mabawa yote mawili, chenye rangi na tarakimu kubwa. Unahitaji vitu vitatu: rangi ya lebo, tarakimu au herufi zilizoandikwa, na mahali. Makundi ya California na ya Arizona hayaandikwi kwa mtindo mmoja, kwa hiyo mahali si jambo la kuachwa.

Usijaribu kuisoma kwa darubini ndege anapozunguka. Piga picha nyingi, kisha kuza picha ukiwa umetulia. Kamera yenye lenzi ya milimita 300 au zaidi ni nzuri, kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Kamera itadanganywa na mwanga wa anga na kukupa ndege mweusi tii. Ongeza mwanga kwa hatua moja hivi ili chini ya bawa paonekane. Ndege akiinama upande mmoja kugeuka, bonyeza mfululizo, kwa sababu hapo ndipo lebo hukaa wazi.

Tarakimu hupotosha. 3 na 8 hufanana, 1 na 7 hufanana. Andika ulichoona kweli. Kama tarakimu moja haikusomeka, weka alama ya kuuliza. Halafu ingia kwenye tovuti ya Condor Spotter, chagua kundi, rangi na nambari, na utapata wasifu wa ndege huyo: dume au jike, alizaliwa lini, amelelewa na nani.

Ukimkuta asiye na lebo usidhani macho yako yameharibika. Baadhi huzaliwa porini kwenye mapango na hawajakamatwa bado. Jike hutaga yai moja tu, hulaliwa kwa takriban siku 56, na kinda hukaa miezi kama sita kabla ya kuruka, kwa hiyo kila kijana asiye na lebo ni habari ambayo wataalamu watataka kuisikia.

Hatua ya 7: Kaa mbali, na usiache kitu

Kondori ana udadisi mwingi kupita kiasi. Anaweza kukusogelea mwenyewe, akatua karibu na begi lako, akavuta kamba ya kiatu. Wewe usimpokee. Kondori aliyezoea watu hufanya mambo ya hatari, na wengine imebidi warudishwe kizuizini kwa sababu hiyo. Akisogea, simama, piga makofi, ondoka. Usimpe chakula, hata kipande cha nyama choma ulichobaki nacho. Sheria ya Marekani inakataza kumsumbua ndege huyu, na droni haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa.

Takataka ndogo ni hatari kuliko kubwa. Wazazi huokota vizibo vya soda, vipande vya vioo na plastiki na kuwalisha makinda, na makinda wamekufa kwa matumbo yaliyojaa vitu hivyo. Pale unapoegesha gari, angalia chini. Vizibo vitano ulivyookota vina kazi kuliko picha mia.

Ila muuaji mkuu si huyo. Ni madini ya risasi. Mwindaji anapiga swala, kichwa cha risasi kinasambaratika kuwa vipande vidogo, matumbo yanaachwa porini, kondori anakula. California imepiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Arizona hutegemea hiari ya wawindaji, na wengi wamekubali kutumia za shaba. Kama una jamaa anayewinda huko, muulize anatumia zipi.

Hatua ya 8: Ukimkuta mgonjwa au amekufa

Kondori mwenye sumu ya risasi hudhoofika: anakaa chini mahali pa wazi, kichwa kimelegea, mabawa yameshuka, hasogei hata ukiwa karibu. Mfuko wa chakula unaweza kuwa umejaa lakini chakula hakishuki. Mwaka 2023 homa ya mafua ya ndege nayo iliua kondori 21 wa kundi la Arizona na Utah, kwa hiyo kwa hali yoyote usimguse, wala usimfunike kwa nguo.

Rudi nyuma. Piga picha moja ya ndege, moja ya lebo ikionekana, na moja ya mandhari ili mahali patambulike. Hifadhi alama ya GPS ya simu, inafanya kazi hata bila mtandao. Andika saa. Halafu nenda kwa askari wa hifadhi au kituo cha wageni kilicho karibu, au piga simu kwa idara ya wanyamapori ya jimbo mara tu mtandao ukirudi. Kisambaza mawimbi cha ndege asiyesogea kwa saa kadhaa hubadilisha mlio wake, lakini mtaalamu anaweza kuwa bonde la tatu kutoka hapo, na wewe ndiye uliyesimama karibu.